Rimu Tatu za Kung'aa na Moja Nyeusi

Mume wangu Nyang'au husugua rimu za gari lake kwa mswaki. Sitii chumvi. Ni mswaki wa meno, na juu yake dawa ya meno, ile nyeupe ninayonunua kwa ajili ya watoto. Kila Jumapili asubuhi majirani zetu Wakipsigis wakiwa wamevaa vizuri wanaenda kanisani, wanamkuta amechuchumaa kando ya Fielder yake, shati limekunjwa hadi kiwiko, anasugua. Wanamsalimia, "Chamgei, Nyang'au," naye anaitikia bila kuinua kichwa. Ni rimu za aloi, zile vijana huita za spoti. Alizinunua mwaka tulipopata bonasi nzuri ya majani chai. Mimi nilikuwa nimeomba tenki la maji.

Nawaambia haya ili mjue nilikuwa na hasira na zile rimu hata kabla hazijaingia shimoni.

Safari yenyewe ilikuwa ya mama yangu, Yunia, anayekaa upande wa Keroka. Mama alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limeshakufa, tulichelewa nalo. La kushoto ndilo lililobaki, nalo lilikuwa limefunikwa na weupe kiasi kwamba alitambua watu kwa sauti na kwa vishindo vya miguu. Akimimina chai, alitia ncha ya kidole ndani ya kikombe ili ajue kimejaa. Tulikuwa tumejaribu kumpeleka Kericho mara mbili. Mara ya kwanza presha yake ilipanda wakamrudisha. Mara ya pili mvua ilibeba daraja. Sasa kulikuwa na daktari mgeni, bingwa, anakuja hospitali hiyo ya Kericho kwa siku moja tu, na jioni angeondoka na mashine zake. Muuguzi aliyetuandikisha, anaitwa Molly, aliniambia waziwazi kwenye simu: "Dada, hilo jicho likikaa hivyo mwaka mwingine, hata huyo daktari akirudi hatakuwa na la kufanya."

Kwa hiyo ilikuwa ni siku hiyo au giza.

Kwetu sisi Wakisii kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima, ila ni heshima yenye haya ndani yake. Mkwe wa kiume hampi mama mkwe mkono. Hakai naye kiti kimoja, hamtazami usoni, hali chakula mbele yake kama anaweza kuepuka. Vijana wa siku hizi wamelegeza, wengine hata wanapiga selfi na mama wakwe zao. Lakini Nyang'au hakulegeza hata kidogo, na mama yangu naye ndiye yule yule wa zamani. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuwasikia wakizungumza ana kwa ana. Wakiwa na neno, wananipa mimi, na mimi nalipeleka mita moja upande wa pili.

Nyang'au ana sababu yake ya kushika heshima kwa nguvu hivyo. Alipokuja kuniposa, mjomba wangu Ongeri alisema mbele ya watu wote, "Huyu kijana wa kuchuma chai atamlisha msichana wetu nini, majani?" Watu wakacheka. Nyang'au hakucheka. Tangu siku hiyo, kila anapokanyaga kwetu lazima gari liwe linang'aa na buti limejaa. Jioni ya kabla ya safari alijaza unga, sukari, mafuta ya kupikia na mikate, na nafasi ilipokosekana akafunua ubao wa buti, akaitoa spea, akapanga sukari pale ilipokuwa imelala spea.

"Na tukipata panchari?" nikamuuliza.

"Barabara ni ya lami, Mama Phelis. Panchari itoke wapi?"

Asubuhi tulimkuta mama ameshajifunga leso, amekaa nje kwenye kigoda, na kando yake mikungu ya ndizi, maana naye hawezi kumwacha mkwe arudi na gari tupu. Sukari ikatoka, ndizi zikaingia. Nikamketisha mama nyuma ya dereva kabisa, mahali ambapo hata angekuwa anaona asingemwona Nyang'au ila kisogo. Mimi nikakaa mbele. Tukaondoka na ukungu bado umelala juu ya mashamba ya chai.

Tulipita Sotik vizuri. Mama alikuwa anaimba polepole nyimbo za kanisa, sauti ya mtu anayeogopa lakini hataki kuulizwa. Mbele yetu, upande wetu wa barabara, kukatokea shimo. Si shimo la kuruka. Lilikuwa pana, limejaa maji ya mvua. Nyang'au akaliona, akatoa gari kulia alikwepe. Hapo hapo lori la majani chai lililokuwa linatupita likapiga honi karibu na sikio lake. Akastuka, akarudisha usukani kushoto, na tukaingia shimoni mzima mzima.

Ule mlio niliusikia kwenye meno. Wimbo wa mama ukakatika. Gari likayumba, likatulia, halafu likaanza kupiga chini, gudu, gudu, gudu, upande wangu.

"Mama, umeumia?" nikapiga kelele.

"Sijaumia. Muulize Baba Phelis kama ameumia."

"Anauliza kama umeumia."

"Mwambie mama sijaumia, na ninamwomba radhi."

Mama alikuwa nyuma yake kabisa, angeweza kumgusa bega. Nikamwambia.

Mbele kidogo kulikuwa na soko dogo, na mwanzo wake kibanda cha panchari chenye matairi yaliyopangwa. Tukajikokota hadi hapo. Fundi akatoka akijifuta mikono, kijana mrefu Mkipsigis, akajitambulisha kuwa Kipkurui. Akainama kwenye gurudumu la mbele kushoto, akapiga mluzi.

"Pole boss. Hii shimo ilikuwa na kazi na wewe."

Ukingo wa rimu ulikuwa umekunjika kama mdomo wa sufuria iliyoanguka. Nyang'au akaupapasa kwa kidole, na uso wake ukawa wa mtu aliyefiwa. Nisiseme uongo, kwa dakika moja nilimhurumia.

Kipkurui akapiga jeki, akalitoa gurudumu, akalibingirisha hadi kwenye kompresa. Alijaza upepo, akamwagia maji ya sabuni, akaligeuza. Upande wa ndani, mahali ambapo mswaki wa Nyang'au haujawahi kufika, povu likaanza kuchemka kwenye mstari mwembamba wa urefu wa kidole.

"Hapo kukunjika si shida, mimi naweza pasha moto nirudishe. Shida ni hapa, imepasuka. Chuma inakunjika tu, lakini aloi inapasuka."

"Chomelea," Nyang'au akasema.

"Jamaa wa weldi ni huyu jirani, lakini stima imepotea tangu asubuhi."

"Inarudi saa ngapi?"

"Ya hapa? Hiyo uliza Mungu." Kipkurui akachukua kitambaa, akafuta lile povu ili sisi wote tuone ufa. "Na hata ikirudi, boss, mimi nitakuambia ukweli. Weldi itashika leo, pengine na kesho. Ikikataa, inakataa mara moja, na wewe uko kwa mteremko na mama ako nyuma. Hii rimu ni ya kubadilisha, si ya kushona."

"Una nyingine kama hii?"

"Kama hii hapana. Hata Kericho utatafuta." Akaonyesha kwa kidevu Probox yake iliyokuwa kando ya kibanda, imejaa matope ya Chebunyo ambako alikuwa amepeleka mbuzi. "Lakini spea yangu ni nati nne, saizi ya shimo za kwako. Ni ya chuma. Nakupatia uende nayo hospitali, ukirudi unirudishie."

Akaitoa. Ilikuwa nyeusi, ina kutu pembeni, na tairi lake lilikuwa na matope ya mwezi mzima. Nyang'au akaitazama. Akazitazama rimu zake tatu zilizobaki, zinang'aa kama vijiko vya harusi.

"Tungoje stima," akasema.

Hapo ndipo damu iliponipanda.

Lakini sikuweza kumfokea mume wangu mbele ya mama yangu. Hiyo nayo ni aibu, na ingemwangukia mama, kwamba hakunifunza. Nikameza. Nikaenda dirishani kwa mama nikamweleza: rimu imepasuka, fundi ana nyingine ya chuma, Baba Phelis anaona afadhali kungoja ile yake itengenezwe.

"Mwambie asiwe na wasiwasi," mama akasema. "Nitangoja. Mwambie hata tukikosa leo ni mapenzi ya Mungu."

Niliangalia lile jicho lake jeupe likielekea mahali nisipokuwa. Mikono yake ilikuwa inakunja leso na kuikunjua. Alikuwa anakufa kwa hofu, na bado anamtunzia mkwe heshima yake. Na yule naye, hatua tano kutoka hapo, alikuwa anatunza heshima yake kwa kutaka kumfikisha hospitali kwenye gari lisilo na doa, maana mjomba Ongeri alikuwa anatungoja kwenye lango la hospitali. Wote wawili wanaheshimiana, na jicho linaondoka. Wahenga walisema heshima si utumwa, lakini hawakuwaona hawa wawili.

Simu ikalia. Ni Molly. "Dada, mko wapi? Daktari amebakisha watu wachache. Asipomkuta hapa anafunga."

"Tuko njiani," nikasema. Nikaingia kwenye kiti cha mbele kutafuta chaja, kwa sababu simu ilikuwa inataka kuzima, na nilipoinua kichwa nikakiona kioo. Kile kioo cha ndani, cha dereva kutazama nyuma. Kilikuwa kimegeuzwa juu kabisa. Kilikuwa kinatazama dari.

Nikakaa pale nikikitazama hadi nikaelewa. Nikatoka.

"Baba Phelis. Nani amegeuza kioo?"

Akainama kuipapasa tena ile rimu.

"Lori lilikuwa nyuma yetu kutoka Sotik. Hukuliona?"

"Cha pembeni kilikuwa na ukungu," akasema chini kwa chini.

"Na cha ndani?"

Akatazama viatu vyake. "Mama Phelis, nikikiacha pale, macho yangu na ya mama yanakutana kila saa. Nitaendeshaje?"

"Lakini haoni!"

"Mimi naona," akasema.

Kipkurui akageuka akaanza kutazama chai ng'ambo ya barabara, kana kwamba ni mara yake ya kwanza kuona chai.

"Kioo kimefanya nini?" mama akauliza kutoka ndani. Masikio yake hayakuwa na shida yoyote.

Nilichoka. Nilichoka kupeleka maneno kwa mita moja. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mama, mkwe wako aligeuza kioo kiangalie juu, asikuone na usimwone. Ndiyo sababu hakuliona lori. Ndiyo sababu tuko hapa."

Nikaogopa nimevunja kitu kisichoshoneka. Halafu nikasikia mlio mdogo, kama wa kuku anayeatamia, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi leso ikamwangukia mabegani, akajifuta macho yote mawili, lile lililokufa na lile linalokufa, akafungua mlango akashuka.

Alikuja akipapasa ubavu wa gari, mkono wake ukapita juu ya boneti, ukafika mwisho. Nyang'au akarudi nyuma hatua moja.

"Usirudi nyuma," mama akasema. "Nasikia viatu vyako."

Nyang'au akasimama. Mimi nikafungua mdomo nichukue neno nilipeleke, kwa mazoea. Mama akaninyamazisha kwa mkono.

"Baba Phelis," akasema, na alisema naye, si nami. "Hayo magurudumu yako nimeyasikia sana. Huyu Janefer wangu hunipigia simu kila Jumapili, na kila Jumapili ni kilio cha mswaki. Lakini mimi sijayaona. Hata gari lako sijaliona, nalijua kwa kunusa viti vyake. Unamng'arishia nani? Nipeleke na gurudumu lolote, hata la mkokoteni. Kwanza nipate jicho, halafu uyasugue utakavyo, na mimi nitakuja kuyatazama siku nzima."

Upepo ulipita kwenye majani chai. Kipkurui alikuwa ameacha kujifanya anatazama chai.

"Sawa, mama," Nyang'au akasema.

Maneno mawili tu. Akapiga hatua akaichukua ile rimu nyeusi mwenyewe, akaibingiriza hadi kwenye gari, suruali yake nyeupe ya safari ikala matope yote ya Chebunyo.

"Ngoja, boss," Kipkurui akasema. "Usitumie nati zako. Hizo zilikaa kwa aloi, kwa hii chuma hazitakamata vizuri. Chukua zangu." Akakaza mwenyewe, akarudia kukaza, akatikisa gurudumu kwa mikono miwili. "Usikimbize sana. Ukifika huko simama, ukaze tena."

Nilimshushia mkungu mmoja wa ndizi za Keroka. Alisema mama yake atafurahi, kwao Sigor ndizi kama hizo ni za kununua. "Kongoi mising," akasema, nasi tukamrudishia shukrani mara tatu.

Kabla ya kuwasha gari Nyang'au alinyoosha mkono akakirudisha kioo mahali pake. Niligeuka kumtazama mama. Alikuwa amesikia kile kioo kikikwaruza kwenye shina lake, na polepole, kwa adabu, akafumba macho yake yasiyoona, ili mkwe wake aendeshe bila haya. Akabaki ameyafumba hivyo hadi Kericho, na njiani akauanza tena ule wimbo.

Mjomba Ongeri alikuwa langoni na fimbo yake. Kitu cha kwanza alichokitazama ni gurudumu. "Mkwe, mbona gari limevaa gambuti mguu mmoja?"

Nilimwona Nyang'au akivuta pumzi. Halafu akacheka. "Ni la fundi mmoja, mjomba. Limetuleta." Akamsogeza mzee kando kwa upole, nami nikamshika mama mkono, tukakimbia kadiri mtu wa umri wake anavyoweza kukimbia kwenye korido iliyopigwa deki. Molly alikuwa ameshika mlango kwa mguu. Mama alikuwa wa mwisho. Mlango ukafungwa nyuma yake, na mimi nikaketi chini, sakafuni, na kulia kama mtoto, kwa sababu tulikuwa tumefika.

Upasuaji haukuchukua muda. Daktari mwenyewe alitoka akavua barakoa, akasema jicho lilikuwa limekomaa sana lakini limekubali. Alisema "limekubali" kana kwamba walikuwa wamejadiliana nalo. Nilitaka kumkumbatia. Mjomba Ongeri alimkumbatia kwa niaba yangu, fimbo na yote.

Mama alilala hospitalini, amefungwa kitambaa. Kesho yake asubuhi Molly akaja kukifungua. Tulikuwa mimi na mjomba. Nyang'au alitufikisha mlangoni, akasema anaenda kukaza nati, akatokomea.

Molly akabandua plasta taratibu. Mama akafumbua jicho. Likatoa machozi, likapepesa. Akatazama mkono wa Molly kwanza, akaushika, akaugeuzageuza. Akatazama dirisha. Akanitazama mimi.

"Umenenepa," akasema.

Nikacheka na kulia pamoja, sikujua kipi ni kipi. Akamtazama mjomba, akasema amezeeka, na mjomba akakubali bila ubishi. Halafu akaangalia nyuma yetu, mlangoni, akatafuta.

"Yuko wapi?"

"Mama, anakaza nati."

"Hakazi nati. Viatu vyake viko hapo nje, nimevisikia tangu mfungue kitambaa." Akavuta leso ikamkaa vizuri kichwani, akajiweka wima kitandani. "Mwambie aingie. Kwa miaka yote hii nimemjua kwa kikohozi. Nimtazame mara moja, halafu tutarudi kwenye heshima zetu."

Sikulazimika kupeleka neno. Nyang'au akaingia, kofia mkononi, ile suruali bado ina matope, akasimama karibu na mlango kama mwanafunzi anayepimwa sare. Hakujua aweke wapi macho, akayaweka ukutani. Mama akamtazama. Alianzia kwenye nywele, akashuka kwenye paji la uso, pua, mikono iliyochubuka, magoti yenye matope, viatu. Hakuharakisha.

Halafu mama akageuza uso wake upande wa ukuta, inavyompasa mama mkwe.

"Haya, atoke," akaniambia. "Mwambie nimemwona, nimeshiba."

Nikatoka kwenda kumwambia. Alikuwa ameshasikia. Alikuwa amesimama kwenye korido, anajifuta uso kwa kofia.